Shajara ya kabati la chumbani: sentimita 119 za watu wawili

Jumamosi: kila kitu kitandani

Kabati lenyewe ni la ukutani: milango miwili inayofunguka kwa nje, bomba moja la kutundikia nguo, rafu moja juu yake, basi. Aliyelijenga alimfikiria mtu mmoja mwenye makoti marefu mengi na jozi mbili za viatu. Sisi tunaolitumia ni wawili, makoti marefu hatuna zaidi ya mawili, na viatu tusiviongelee.

Leo hatujagusa msumari. Tumetoa kila kitu na kukirundika kitandani, pamoja na ile milima ya sakafuni ambayo kila mmoja wetu alidhani ni ya mwenzake. Mwenzangu alikuwa tayari anataka kwenda kununua maboksi ya plastiki na vile vikapu vya kutundika. Nimemzuia. Boksi ni kitu cha mwisho kabisa kununua. Ukilinunua mwanzo, unaishia kupanga nguo zifuate boksi, na boksi lenyewe lilitengenezwa na mtu asiyelijua kabati lako.

Badala yake tumepima nguo. Watu wengi hulipima kabati, na wachache hupima kinachoingia humo. Kila nguo ya kutundikwa tumeitia kwenye hanga, tukaishika hewani, tukapima kuanzia ncha ya juu ya hanga mpaka pindo la chini. Mashati ya mwenzangu: lililo refu kuliko yote ni sentimita 93. Blauzi zangu na sketi fupi hazizidi 75. Suruali zikikunjwa mara moja juu ya hanga ni 70. Magauni, makoti na sketi ndefu ni kati ya 120 na 145.

Nguo za kutundikwa zilikuwa 71, na zilizozidi mita moja ni 14 tu. Yaani kwa ajili ya nguo 14, kabati zima lilikuwa na bomba moja, nalo limefungwa sentimita 168 kutoka chini. Chini ya mashati kulikuwa na hewa tupu ya sentimita 75 kwa upana wote, na hewa hiyo ndiyo iliyozaa ile milima ya sakafuni. Nguo hazikuwa zimekosa nafasi. Zilikosa kitu cha kushikilia.

Hesabu nyingine ndogo: bomba lina urefu wa sentimita 119, nguo 71, kwa hiyo kila moja ilipewa sentimita 1.7. Shati kwenye hanga ya mbao linataka kama tatu. Ndiyo maana kutoa shati moja kulikuwa kunatoka na mengine mawili, na pasi ya jana yake inapotea.

Jumamosi usiku: za kubaki na za kuondoka

Kuchagua kumekwenda haraka kuliko nilivyotegemea, kwa sababu tulikubaliana sheria moja: hakuna anayeruhusiwa kusema neno juu ya nguo ya mwenzake. Kila mtu na rundo lake. Swali tulilojiuliza ni kama nguo inanitosha leo, kwa mwili nilio nao leo. Zimeondoka 19. Zilizobaki ni 52, na ndefu zimekuwa 9.

Zile za "sijui, sijui" hatukuzigombania. Tutazirudisha kabatini na hanga zake zimegeuzwa, kulabu ikitazama upande wa kinyume na nyingine. Ukiivaa, unairudisha kwa upande wa kawaida. Baada ya msimu mmoja zile ambazo kulabu bado imegeuka zinajieleza zenyewe.

Jumapili: kuta hazisemi ukweli

Vipimo vya kabati lenyewe. Kimo 236, kina 58. Upana nimeupima sehemu tatu, na nashauri kila mtu afanye hivyo, kwani kuta zilizopigwa lipu kwa mkono huwa na siri zake. Chini 121. Katikati 119.8. Juu 119. Pimamaji imeonyesha kwamba ukuta wa kushoto umesimama wima na wa kulia ndio unaoegemea ndani. Ubao ukikatwa kwa kipimo cha chini hauingii juu. Ukikatwa kwa kipimo cha juu, chini unacheza. Kwa hiyo kila kipande kitakatwa kwa kipimo cha mahali kitakapokaa, tena kipunguzwe milimita nne ili kiingie bila kukwaruza kuta.

Rafu ya zamani imebonyea katikati kwa milimita 9. Ni chipbodi (ubao wa chembe za mbao zilizogandamizwa) ya milimita 18, inatoka ukuta hadi ukuta bila nguzo. Hapo kuna kanuni ya ufundi inayofaa kujulikana: mzigo ukiwa umesambaa sawasawa, mbonyeo wa rafu hukua kwa kipeo cha nne cha urefu usio na nguzo. Urefu ukiwa mara mbili, mbonyeo unakuwa mara 16. Unene nao unasaidia, lakini kwa kipeo cha tatu, kwa hiyo kutoka milimita 18 hadi 25 ugumu unaongezeka mara 2.7 hivi. Nguzo ya katikati ni rahisi kuliko ubao mnene, na inashinda.

Bomba la zamani liko sentimita 24 tu kutoka ukuta wa nyuma. Hanga zetu zina upana wa 44, maana yake nusu yake ni 22, halafu kuna mabega na mikono ya nguo. Nyuma nguo zinagusa ukuta, mbele kunabaki nafasi ya bure. Bomba jipya litakuwa 30 kutoka nyuma.

Siku za kazi, jioni: ukungu

Nguo zilipotoka ndipo tukaona madoa meusi kwenye ukuta wa nyuma, chini, upande wa kulia. Nyuma ya ukuta huo kuna bafu. Kabla ya kuwaza ubao wowote tulihakikisha hakuna bomba la maji linalovuja: tulikausha ukuta, tukabandika kipande cha nailoni kwa tepu ya karatasi pande zote nne na kukiacha. Maji yakitokea upande wa ukutani, unyevu unatoka ndani ya ukuta. Yakitokea upande wa chumbani, ni mvuke wa chumba unaogandia kwenye ukuta baridi. Kwetu yalitokea upande wa chumbani. Afadhali, kwani hilo ni suala la hewa na halihitaji fundi bomba.

Tulisugua madoa kwa maji na sabuni, madirisha wazi, barakoa usoni, tukapangusa, tukaacha milango ya kabati wazi na feni ikipuliza humo. Kabla ya kuanza, kipima unyevu kidogo nilichokiweka ndani kilikuwa kinasoma asilimia 72. Ukungu hupata shida kuota unyevu ukikaa chini ya 60, kwa hiyo hiyo ndiyo shabaha. Sitapaka rangi mpya juu ya ukuta ambao haujakauka. Rangi itaficha doa kwa muda kisha itabanduka nalo.

Kwenye sweta moja la sufi nimekuta matundu madogo. Hao ni nondo wa nguo, ingawa anayekula ni kiluwiluwi. Yule mkubwa anayeruka hali sufi, anataga tu. Masweta yote ya sufi yamefungwa kwenye mifuko ya plastiki na kuingizwa kwenye friza, nyuzi 18 chini ya sifuri, yakae wiki mbili. Mwenzangu aliuliza kwa nini tusitie tu vidonge vya naftalini kama watu wote. Naftalini hugeuka mvuke polepole, na mvuke huo ndio unaoua nondo. Kabati liko hatua mbili kutoka kwenye mto wa kulalia, sisi ndio tutakaouvuta usiku kucha, na kwa watu wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD unaweza kuvunja chembe nyekundu za damu. Hapana.

Mchoro

Nimechora mara nyingi ila wazo ni moja. Ubao mmoja wa kusimama unagawa kabati sehemu mbili. Kushoto sentimita 72, mabomba mawili, moja juu ya jingine. Kulia inabaki 45 kwa juu na 47 kwa chini, bomba moja la nguo ndefu, na chini yake droo mbili.

Bomba la juu liko sentimita 200 kutoka sakafuni, la chini 100. Shati la 93 likining'inia kutoka 200 linaishia 107. Hanga za bomba la chini zinapanda juu ya bomba kama sentimita nne. Zinabaki tatu za kupumua. Za chini zinaishia 25 kutoka sakafuni, na hapo ndipo viatu vitakaa. Upande wa kulia, gauni la 145 linaacha sentimita 55, na droo mbili zinatosha humo.

Rafu inapanda kutoka 175 hadi 206. Sentimita sita kati ya bomba na rafu si za mapambo: ukizibana, huwezi kunyanyua hanga ikatoka. Juu ya rafu zinabaki 30. Zamani zilikuwa 61, na tulizijaza vitu hadi darini kisha hatukuwahi kuvitoa tena. Rafu ya kina kirefu na kimo kirefu ni mahali pa kupotezea vitu. Hiyo ya 30 inabeba tabaka moja tu la mizigo, kwa hiyo kila kitu kinaonekana.

Swali lililobaki lilikuwa nani aende juu. Mimi ni mfupi, mita mbili nazifikia kwa ncha za vidole.

"Wewe chukua la chini," mwenzangu akasema, "mimi sihitaji kuinama."

Imeisha hivyo. Ukiwa unaishi peke yako na ni mfupi, shusha bomba la juu mpaka 190 na utundike juu nguo fupi zaidi. Mfumo unabaki uleule.

Jumamosi: mbao na matundu

Mbao zimekatwa na fundi seremala kwa mashine yake, kwa kuwa msumeno wa mkono hutafuna kingo za chipbodi yenye ganda. Nimempa karatasi yenye vipimo kwa milimita, na kila kipande kimeandikwa jina: nguzo, rafu, pande za droo. Kingo zinazoonekana nimezibandika utepe wa kingo mwenyewe kwa pasi ya nguo. Weka karatasi kati ya pasi na utepe, pitisha taratibu, gandamiza kwa kipande cha mbao kilichofungwa kitambaa, kisha futa ziada kwa msasa ukielekea ndani. Ukisugua kuelekea nje, utepe unainuka.

Kabla ya kutoboa ukuta nilitaka kujua mzigo. Nilisimama kwenye mizani ya bafuni nikiwa nimekumbatia nguo za kushoto, kisha bila nguo hizo, nikatoa. Kilo 27 kwa mabomba mawili, hanga zikiwemo. Si mzigo wa kutisha, ila unavutwa kila asubuhi, tena na mtu aliyechelewa.

Kuta zetu ni za tofali za saruji na lipu juu yake. Lipu haibebi kitu. Plagi ya plastiki ya ukutani lazima ipite lipu na kushika tofali, kwa hiyo nimetumia plagi ndefu za milimita 8, tundu la milimita 8, na skrubu za milimita 5. Gundisha kipande cha tepu kwenye keekee kuonyesha mwisho wa kina; ukiona tepu imegusa ukuta, simama. Vumbi la tundu litolewe kabla ya kuingiza plagi, la sivyo inazunguka tu humo ndani.

Chini ya nguzo tumeweka vipande vya plastiki vya milimita tano. Chipbodi ikigusa maji ya kupigia deki hunyonya, huvimba, na hairudi. Hivyo vipande havionekani kabisa, lakini mimi naona ndivyo vitakavyoamua nguzo itadumu muda gani.

Nguzo imesimamishwa kwa pimamaji, ikafungwa chini na nyuma kwa vyuma vya kona. Rafu imelala juu yake na juu ya vibao vya kuegemeza vilivyofungwa kwenye kuta tatu. Sasa sehemu ndefu isiyo na nguzo ni 72 badala ya 119. Ukirudi kwenye kile kipeo cha nne, mbonyeo unashuka zaidi ya mara saba kwa ubao uleule wa zamani. Ndiyo, rafu ni ileile. Tumeigeuza tu, tumbo likaangalia juu.

Jumapili: droo

Droo zimechukua siku nzima. Reli za kushoto na za kulia zikitofautiana hata milimita mbili, droo inakataa, na ukuta wa kulia ndio ule ulioegemea. Suluhisho lilikuwa kutofunga reli ukutani kabisa: droo zina sanduku lake lenye pande mbili zilizo wima, na sanduku ndilo lililosukumwa ndani. Pengo lililobaki kulia tumeliacha lilivyo. Ni pembe nyembamba, upana wa kidole chini na kupungua kadiri inavyopanda, na hewa inapita humo.

Jioni moja: kurudisha

Hanga za mbao zenye unene wa milimita 12 tumebakiza za makoti tu, maana koti linahitaji bega pana. Nyingine zote ni nyembamba, milimita sita, zenye mahameli. Kwa nguo 43 za upande wa kushoto, tofauti hiyo peke yake ni kama sentimita 26 za bomba. Tahadhari: usitundike nguo mbichi kwenye mahameli ya rangi nzito, inaweza kuachia rangi mabegani.

Masweta hayatundikwi. Nguo ya kufumwa hujivuta kwa uzito wake, mabega yanaota pembe na pindo linashuka. Yamekunjwa na kusimamishwa wima kwenye droo ya chini, mgongo wa mkunjo ukitazama juu. Fulana ziko droo ya juu kwa mtindo huohuo. Kukunja kwenyewe si uchawi: pande mbili ndani, kisha mara tatu, mpaka fulana isimame yenyewe ukiiachia. Isiposimama, imekunjwa kwa ulegevu. Uzuri wake ni kwamba unatoa moja bila kubomoa nyingine, na fulana uipendayo haipati nafasi ya kukaa juu ya rundo mwaka mzima huku za chini zikisahauliwa.

Viatu: upana wa 72 unabeba jozi tatu kwa mstari, kila jozi ikichukua kama 22. Kina cha 58 kinatoa mistari miwili, na wa nyuma tumeupandisha juu ya kibao cha sentimita 10 ili visigino vionekane. Jozi sita zinazovaliwa. Nyingine ziko chini ya kitanda na huko ndiko zitakakokaa.

Kwenye rafu ya juu kuna mablanketi na begi la safari, ndani ya begi kuna mabegi madogo. Mfuko wa kunyonya hewa nimeutumia kwa blanketi la polista pekee. Duveti ya manyoya ikibanwa miezi mingi hupoteza ule uvimbe wake unaoleta joto.

Upande wa ndani wa milango kuna kulabu za mikanda na mitandio. Hapa pima kwanza: bomba liko 30 kutoka nyuma, mbele yake ni 28, hanga inakula 22, zinabaki sita. Kulabu yenye kutokeza zaidi ya sentimita tano itagonga mikono ya mashati kila ukifunga. Na kama mlango ni mtupu ndani, skrubu haina cha kushika. Tumia za kubandika na uzipe vitu vyepesi.

Taa ni ya betri, inawaka yenyewe mlango ukifunguka. Nilichagua kwa kipimo cha uonyeshaji rangi, kile kinachoandikwa CRI kwenye boksi, kisichopungua 90. Mwangaza hafifu ndio uliokuwa unamfanya mwenzangu avae soksi moja nyeusi na moja ya bluu iliyoiva. Taa imekaa mbele, juu, ndani ya fremu ya mlango. Ukiiweka nyuma inamulika migongo ya nguo na kukuchoma macho.

Baada ya wiki kadhaa

Mabomba yote matatu kwa pamoja ni sentimita 189, kutoka 119, na kila nguo sasa ina wastani wa 3.6. Kabati halijaongezeka hata inchi. Mashati yanatoka moja moja na pasi inabaki.

Kilichotushangaza ni sakafu. Tulitabiri milima ingerudi ndani ya siku chache, haijarudi, ila imehamia kwenye kiti. Nguo iliyovaliwa mara moja, si chafu ya kufuliwa wala si safi ya kurudi kati ya safi, haikuwa na makazi kwenye mchoro wangu. Tumeipa kulabu nne imara ukutani, nyuma ya mlango wa chumba, mbili kila mtu. Kulabu zikijaa, kitu kinaenda kufuliwa au kinarudi kabatini. Kiti sasa kinakaliwa.

Kipima unyevu kinasoma kati ya 61 na 64 milango ikiwa imefungwa, 57 ikiachwa wazi nusu siku. Bado. Boksi hatujanunua hata moja na sioni la kuweka humo.

Kilichobaki: kutoboa safu ya matundu chini na juu ya kila mlango ili hewa iingie baridi na kutoka kwa juu, kukaza bawaba ya mlango wa kulia inayolegea, na kurudia kipimo cha unyevu baada ya hapo. Keekee nimeazima, ya Jumamosi.